Aliogopa Kwamba Sitarudi

Naandika maneno haya mwanangu akiwa shuleni na mimi nikiwa kwenye meza yangu ya biashara. Nauza samaki wa kukaushwa katika Soko Kuu la Kisangani. Kabla ya mwaka 2023 nilikuwa naishi Lubunga, komuni pekee ya mji wetu iliyo ukingo wa kushoto wa mto Kongo. Nyingine tano, yaani Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo na Kisangani, ziko ng'ambo. Maisha yangu yote ya uchuuzi yalikuwa ya kuvuka maji: alfajiri naingia mtumbwini kwenda sokoni, jioni narudi kwa mwanangu.

Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya mzazi mwenye mtoto asiyekubali kuachwa. Nimejifunza kwa machozi kwamba mtoto anayemng'ang'ania mama yake anaweza kuwa na shida moja kati ya nyingi zinazofanana kwa nje, na kila moja ina tiba yake. Ukikosea jina la shida, unakosea na tiba, na anayelipa ni mtoto.

Mwezi wa pili wa mwaka 2023 ugomvi wa ardhi kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola ulilipuka upande wa kushoto wa mto. Watu waliuawa, nyumba zilichomwa, maelfu wakayahama makazi yao. Sitaandika hapa nani alianza. Akina mama wa pande zote mbili tulilala sakafu moja na kuchota maji kwenye bomba moja. Nitaeleza tu yaliyoifika nyumba yetu.

Siku vurugu zilipoingia mtaani kwetu mimi nilikuwa sokoni. Mwanangu, ambaye alikuwa ametimiza miaka mitano, alikuwa nyumbani na bibi yake, mama yangu mzazi. Jioni niliposhuka ufukweni, wenye mitumbwi walikataa kuvuka. Nililia, nikaongeza bei, wakatikisa vichwa. Kumbe saa hizo mama yangu alikuwa amekwisha kumfunga mtoto mgongoni na kukimbilia kwa jamaa zetu, mbali na mapigano. Mwanangu hakuona nyumba ikiwaka wala mtu akiuawa. Alichokiona ni jua likizama bila mama kurudi, kisha likazama tena, na tena. Kwa siku kadhaa sikujua kama wako hai, nao hawakujua kama mimi niko hai.

Dada yangu mkubwa alikuwa anakaa mtaa wa jirani. Binti yake wa miaka sita, ambaye ananiita mama mdogo, hakuachana na mama yake hata dakika moja tangu mwanzo wa mbio hizo hadi mwisho. Lakini yeye aliona kwa macho yake nyumba yao ikitiwa moto.

Mungu alitukutanisha sote ukingo wa kulia. Tukapanga vyumba viwili Mangobo, katika lupango, yaani uwanja wa nyumba, la mzee mmoja mwenye huruma, wanawake watatu na watoto. Mume wangu alikuwa safarini. Kazi yake ni katika boti za mizigo zinazoteremka hadi Kinshasa, safari ya mto ya zaidi ya kilomita 1,700, na huchukua miezi kabla ya kuonekana tena. Kodi, chakula na dawa vilitegemea samaki wangu.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Watoto wote wawili walikuwa wakipiga kelele usiku. Wote wawili walikataa shule, na hakuna aliyetaka mama yake atoke. Majirani, jamaa, kila aliyepita alisema neno moja: hao wameona vita, wataacha wenyewe. Miezi ikapita, wasiache.

Nieleze ya mwanangu kwanza. Zamani alikuwa mtoto wa kunipungia mkono ufukweni na kukimbilia michezo yake kabla mtumbwi wangu haujafika katikati ya mto. Sasa alinifuata hadi mlango wa choo. Nikisonga lituma ya ndizi, ameshika pindo la kitenge changu. Nikienda kuchota maji, anasimama langoni analia mpaka watu wanatoka nyumbani mwao. Usiku anazungushia kidole chake kwenye nguo yangu, nikijigeuza anaamka. Maswali yake yalikuwa ya aina moja tu: "Mama, mtumbwi ukizama utatoka?" "Mama, watu wabaya wakikukamata, nani ataniambia?" Asubuhi za shule tumbo linamuuma, anatapika chai yote. Jumapili tumbo halimuumi. Siku za likizo haliumi. Nikisema leo siendi sokoni, linapona hapo hapo.

Ikabidi niende naye sokoni. Alikaa chini ya meza yangu kutwa nzima, na kila niliposimama kumfuata mteja alisimama na yeye. Sikuweza tena kwenda ufukweni alfajiri kupokea samaki kwa bei nzuri. Nilinunua kwa mkono wa pili, faida ikapungua, kodi ikalimbikizwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kuna siku nilitamani kukaa kimya tu nisimsikie mtu yeyote akiniita mama.

Watu walimpa mwanangu majina matatu.

Jina la kwanza lilikuwa deko. Wazee wa lupango walinirudishia methali ya siku zote, kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Walinishauri nimchape au nimtoroke akiwa usingizini, atazoea.

La pili lilikuwa malaria. Mji wetu una mbu mwaka mzima, na mzazi wa Kisangani akisikia mtoto anatapika anawaza malaria kabla ya kitu kingine chochote. Ni sawa afanye hivyo, kwa sababu malaria inaua. Nilimpeleka kupimwa damu. Safari moja kipimo kilionyesha ugonjwa kweli, akanywa dawa, joto likashuka, hamu ya kula ikarudi. Jumatatu iliyofuata, mara tu niliposhika mfuko wake wa shule, tumbo likaanza upya. Malaria haichagui siku za shule.

Jina la tatu lilinitia baridi mwilini. Mwanangu alikuwa akisema usiku kwamba kuna mtu anamchungulia dirishani, kwamba gizani kuna macho. Maneno hayo yalisikika ng'ambo ya ukuta, na katika mji wetu maneno ya namna hiyo hayachelewi kusafiri. Nilipelekwa katika nyumba moja ya maombi. Pale niliambiwa mtoto amelishwa uchawi wakati wa kukimbia, kwamba amekuwa ndoki, yaani mchawi, na kwamba lazima abaki kwao, afunge chakula na maji, alale huko bila mimi hadi afunguliwe. Nilimwangalia mwanangu. Alikuwa ameukumbatia mguu wangu kwa mikono miwili. Nikambeba, nikapanda toleka, baiskeli ya kubeba abiria, tukaondoka.

Nasema jambo hili wazi kwa sababu wote tunawajua watoto wanaolala nje katika mitaa ya mji huu, ambao safari yao ya barabarani ilianza kwa neno hilo moja. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshutumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu kosa hilo. Mimi ni mwamini na ninasali hadi leo. Lakini kumtenga na mama yake mtoto ambaye ugonjwa wake ni kutengwa na mama ni kumwongezea kile kile kilichomuumiza.

Msaada ulitoka katika kituo cha afya, kwa muuguzi mmoja mwanamke aliyekuwa amesomea saikolojia katika Chuo Kikuu cha Kisangani. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1963, na kitivo chake cha saikolojia na elimu kimelea wataalamu wengi wa nchi hii. Nilikwenda na dada yangu, watoto wote wawili mikononi. Tulipomaliza kueleza, hakuandika dawa. Alisema: "Mama, homa si ugonjwa mmoja. Anayeumwa malaria ana homa, anayeumwa tumbo la taifodi ana homa, mwenye jipu ana homa. Hofu ya mtoto ni hivyo hivyo. Tusitibu hofu kabla hatujajua imetoka wapi." Kisha akaanza kuuliza, na maswali yake ndiyo ninayotaka kila mzazi ayashike.

Aliuliza kwanza kuhusu umri, na hofu imeanza lini. Akatueleza kwamba kulia mama anapoondoka ni afya kwa mtoto mchanga. Huanza kati ya miezi sita na tisa, hupanda sana mtoto akiwa na mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, kisha hupungua, na kufikia miaka mitatu wengi wamekwisha kuelewa kwamba mama akienda anarudi. Shida ni pale hofu inapozidi umri wa mtoto, inapodumu, na inapozuia maisha. Kitabu cha uainishaji wa magonjwa ya akili ambacho madaktari wa akili wa Marekani walikitoa upya mwaka 2013 kinataja dalili nane za hofu ya kuachana, na kinataka angalau tatu zionekane kwa muda wa wiki nne au zaidi kwa mtoto. Mwanangu alikuwa nazo karibu zote: kilio cha kuagana, wasiwasi kwamba nitapatwa na baya, kukataa shule, kukataa kulala peke yake, ndoto za kupotezana, maumivu ya tumbo saa ya kuachana.

Swali la pili: akiwa na wewe, yukoje? Hapo nilitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Akiwa na mimi mwanangu alikuwa yule yule wa zamani. Alikula, alicheza, aliwasalimia wateja wangu wote. Hata mto hakuuogopa: tukivuka pamoja alitumbukiza mkono majini na kucheka. Aliuogopa mto pale tu unaponibeba mimi bila yeye. Muuguzi akasema jibu hilo linafunga milango kadhaa. Mtoto mwenye hofu ya watu hujificha nyuma ya mama hata mama akiwepo, kwa sababu kinachomtisha ni macho ya watu. Kuna mwingine anayezungumza vizuri nyumbani na akifika shuleni hatoi neno kwa miezi. Huyo naye ana shida nyingine. Na mtoto aliyezama katika huzuni haamki kwa sababu mama yupo. Hata mapajani mwake hana hamu ya kucheza.

Swali la tatu lilihusu shule yenyewe. Je, kuna fimbo? Kuna mtoto mkubwa anayemnyang'anya chakula? Anatukanwa kwa kabila lake au kwa kuwa mkimbizi? "Jaribu kukaa mlangoni mwa darasa," alinishauri. Nilikaa. Mwanangu aliingia, akaketi na wenzake, akaimba. Basi shule haikuwa tatizo lake. Mtoto anayechapwa au kuonewa hatafurahia darasa hata mama akikaa mlangoni, na huyo hasaidiwi kwa kuzoeshwa. Anasaidiwa kwa kuondoa fimbo.

Swali la nne: akiumia, anamkimbilia nani? Mwanangu alikuwa akinikimbilia mimi, nisipokuwepo bibi yake, na akibembelezwa ananyamaza. Muuguzi akasema hiyo ni ishara kwamba moyo wake unajua kwa nani pana usalama. Wako watoto waliolelewa bila mtu mmoja wa kudumu, waliopita mikononi mwa wengi au kutelekezwa kabisa katika miaka ya mwanzo. Baadhi yao wakiumia hawamwendei yeyote, na wakibembelezwa hawabembelezeki. Wengine hukimbilia kila mgeni, hupanda mapajani mwa mtu wasiyemjua na kuondoka naye bila kugeuka nyuma. Watu huwasifu kwamba ni watoto wema wasio na aibu, kumbe ni jeraha, na ni hatari kwao. Vilevile aliuliza kama mwanangu alichelewa kusema, kama hutazama watu usoni, kama hulia kwa sababu utaratibu umebadilika au kwa sababu mtu ameondoka, maana mtoto mwenye usonji anaweza kulia mlangoni kwa sababu isiyohusu kuachwa.

Nikamuuliza mimi, kwa sauti ya chini, kuhusu macho ya dirishani. Alinijibu bila kushtuka. Watoto wenye hofu hii, wakiwa peke yao gizani, wanaweza kabisa kusema wanaona watu wakiwachungulia au viumbe vikiwanyooshea mikono. Jambo hilo linajulikana na limeandikwa katika vitabu vya tiba. "Ukiingia chumbani, macho yanabaki?" Nikasema yanaondoka. "Mchana, mkiwa pamoja, anayaona?" Hapana, hajawahi. Akasema mtoto ambaye akili yake inaumwa husikia na kuona vitu hata katikati ya mchana, hata mapajani mwa mama. "Wa kwako anaogopa, mama." Nililia pale pale kwenye benchi. Neno ndoki liliniachia siku hiyo.

Kisha akamgeukia binti wa dada yangu, akauliza maswali yale yale, na majibu yakaenda njia nyingine kabisa.

Binti yule alitetemeka hata akiwa kifuani mwa mama yake. Jirani akiwasha mbabula, jiko la makaa, asubuhi, harufu ya moshi ilimfanya ajikunyate nyuma ya mlango. Pikipiki ikipiga mlio, aliruka. Ndoto zake zilikuwa za moto, usiku baada ya usiku. Katika michezo yake alijenga vijumba vya maboksi, akavibomoa, akajenga tena, akabomoa tena, bila kucheka. Alikataa kutoka nje kwa sababu nje ndiko alikoona ubaya, na kuwepo kwa mama hakukumaliza hofu yake. Kwake kilichobaki ni tukio lenyewe, linalorudi bila kuitwa. Hayo ni majeraha ya akili yanayofuata maafa, na kitabu kile cha mwaka 2013 kina vigezo vya pekee kwa watoto wa miaka 6 na chini ya hapo, kwa sababu wadogo husimulia kwa mchezo yale wasiyoweza kusema kwa mdomo.

Muuguzi alitueleza kwamba tofauti hii wengine waliiona kabla yetu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Anna Freud na Dorothy Burlingham walitunza watoto jijini London, mabomu yakidondoka. Waliona kwamba kwa wadogo wengi kutenganishwa na mama kuliumiza zaidi kuliko mabomu yenyewe. Mwaka 1952 James Robertson alionyesha filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa hospitalini bila wazazi. Yeye na mwenzake John Bowlby walieleza hatua tatu: mtoto hupinga kwa kilio, kisha hukata tamaa, kisha hujitenga. Hapo nikaelewa kwa nini muuguzi alinikataza kumtoroka mwanangu usingizini. Mtoto anayetorokwa anaweza kunyamaza, watu wakasema amezoea, kumbe amekata tamaa.

Habari iliyonigusa zaidi ilitoka karibu na sisi. Mwaka 1954 na 1955 Mary Ainsworth alizunguka vijiji vya Waganda karibu na Kampala, akiwatazama watoto wachanga katika familia 26. Alichoandika baadaye kuhusu watoto hao wa Uganda kilibadili namna dunia inavyomwelewa mtoto. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake hutambaa mbali, hugusa, huchunguza, kisha hurudi kumgusa mama na kwenda tena. Uhakika wa kurudi ndio unaompa nguvu za kwenda. Mwanangu uhakika huo ulimvunjikia jioni zile za Februari, na kazi yetu ilikuwa kuujenga upya.

Tuliujenga kwa hatua ndogo. Sharti la kwanza lilikuwa kutomtoroka kamwe. Kuagana kuwe kufupi na kwa maneno yale yale kila siku, bila kurudi nyuma mara kumi kumfuta machozi. Sharti la pili: nisiahidi saa, niahidi jambo analolijua. "Nitarudi kengele ya mwisho ikilia." Na nikiahidi nirudi, hata kama mteja amefungua pochi. Nimewaacha wateja wakinihesabia noti ili niwahi kengele, na sijutii hata faranga moja.

Tulianza na ukuta: mimi upande mmoja, yeye upande wa pili na bibi yake, muda wa kumenya ndizi chache. Halafu lango. Halafu duka la pembeni. Halafu nusu ya asubuhi. Kila hatua ilirudiwa mpaka ikamchosha badala ya kumtisha, ndipo tukaingia nyingine. Nilikata kipande cha kitenge changu akakitia mfukoni. Mwalimu wake, Mungu ambariki, alikubali kumpokea langoni mwenyewe na kumpa kazi ya kugawa chaki, ili aingie darasani akiwa na shughuli mkononi. Tumbo likiuma asubuhi nilimpima joto kwanza. Kama ana joto, kituo cha afya mara moja. Kama hana, nilimwambia nimesikia tumbo linauma, na shuleni tunakwenda nalo. Kila alipofaulu alisifiwa mbele ya nyumba nzima. Dawa za akili hazikuhitajika. Muuguzi alisema kwa mtoto mdogo mazoezi kama haya ndiyo hutangulia.

Binti wa dada hakupewa ngazi hiyo ya hatua ndogo. Yeye alihitaji kwanza kuhakikishiwa kwamba moto umekwisha, mama yake akiwa ubavuni. Alichora. Alichora nyumba, moto, watu wakikimbia, na taratibu muuguzi yule alimsaidia kusimulia michoro hadi kufika mwisho wake, mahali ambapo yeye na mama yake wako hai Mangobo. Mbabula ilizoeleka polepole, kwanza ikiwa baridi, kisha kwa mbali ikiwaka. Kwake ilichukua muda mrefu zaidi. Tungempa ngazi ya mwanangu, tungemwacha peke yake na moto wake. Na mwanangu tungemkalisha asimulie vita, angesimulia nini? Hakuwa na vita ya kusimulia. Alikuwa na jioni ambazo mama hakurudi.

Jambo moja zaidi lilinihusu mimi. Muuguzi aligundua kwamba wakati wa kuagana mkono wangu nao haukuachia haraka. Aliniuliza kuhusu utoto wangu. Nilikuwa msichana mdogo Juni 2000, kutoka tarehe 5 hadi 10, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji wetu na raia kuuawa kwa mamia. Nilizikaa siku hizo sita chini ya kitanda, na kila mtu aliyetoka kutafuta maji nilidhani harudi. Aliniambia kwamba watu wazima nao huumwa hofu ya kuachana. Zamani vitabu vilitaka iwe imeanza kabla ya miaka 18, lakini sharti hilo liliondolewa mwaka 2013, na kwa mtu mzima hutazamwa kama imedumu miezi sita au zaidi. Mwanangu alikuwa akisoma usoni mwangu kama dunia ni salama. Nikaanza kujifunza kumuaga kwa uso uliotulia, na mimi pia nikapata mtu wa kunisikiliza.

Hatukwenda mbele bila kuteleza. Baada ya kila likizo hofu ilirudi. Ziliposikika habari za mapigano mapya ng'ambo, ilirudi. Akiumwa malaria, ilirudi. Tulifundishwa kushuka hatua moja na kuanza tena kutoka hapo, bila hasira. Mtihani mkubwa ulikuwa siku nilipolazimika kuvuka kwenda Lubunga kutazama kilichobaki cha nyumba yetu. Alibaki ufukweni na bibi yake. Nilimwambia nitakuwa kwenye mtumbwi kabla ya wavuvi wa jioni kushuka. Nilikuwa. Alikuwa amekaa juu ya gunia, anakula kwanga, na aliponiona alinipungia mkono akaendelea kula.

Leo yuko shule ya msingi ya serikali, ambayo tangu mwaka 2019 hatulipi ada, naye huingia lango bila kushikwa mkono. Bado anauliza asubuhi nitarudi saa ngapi. Anauliza mara moja, ninajibu, anaondoka. Binti wa dada analala usiku kucha mara nyingi, ingawa moshi mzito bado humnyamazisha. Namshukuru Mungu kwa wote wawili.

Mzazi mwenzangu, mtoto wako akikataa kuachwa, mpime damu kwanza, maana malaria haingoji. Akiwa mzima wa mwili, keti naye na umuulize anaogopa nini hasa: kwamba wewe hutarudi, kwamba kile alichokiona kitarudi, kwamba watu watamcheka, au kwamba mwalimu atamchapa? Tazama anavyokuwa ukiwa naye. Ikipita wiki nne na maisha yamesimama, mpeleke kituo cha afya ukaombe mtu aliyefundishwa mambo ya akili za watoto. Mwalimu, weka fimbo chini na umpokee mtoto langoni. Mchungaji, mwombee mtoto akiwa mikononi mwa mama yake, na neno ndoki lisitoke kinywani mwako kamwe. Na ukimuaga mtoto, mwambie utarudi lini, kisha urudi.